Kile kiswichi chekundu cha 115

Sikuwa na hamu ya kuisimulia hii, lakini tangu 2014 kila kwenye msiba na kila kwenye harusi kuna mtu anaisimulia na kuiongezea chumvi, afadhali niitoe mwenyewe.

Kwetu ni upande wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, njia ya kuelekea Koboko, unashuka barabara kuu unapanda boda, halafu boda inachoka na wewe unatembea. Umeme wakati huo haukuwepo. Gridi ya taifa ilikuwa hata haijafika West Nile, ndiyo eneo letu lote. Lakini wazazi walishaamua shule lazima iwe na chumba cha kompyuta, basi kila nyumba ikatoa matofali mia moja ya kuchoma, na asiye na tofali akabeba mchanga kutoka mtoni. Jengo likasimama, mabati yakapigwa, na kijana wetu mmoja aliyeko Marekani akatutumia kompyuta 12, zile zenye kioo kikubwa kama televisheni ya zamani. Ndani zilikuwa na Windows XP ambayo Microsoft wenyewe walishaacha kuihudumia mwezi wa nne mwaka uleule, yaani zimetufikia zikiwa zimestaafu.

Sasa nani anajua kompyuta? Mimi. Nilikaa miezi minane kwenye kibanda cha fotokopi Arua mjini. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi na kupokea pesa, lakini hilo hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuona sababu ya kulitaja. Nikaitwa Injinia, nikakubali, hata shati nikaanza kuchomekea.

Siku ya kuzipanga kulikuwa na msichana mmoja wa P6, darasa la sita, anafuta vumbi. Akainama nyuma ya mashine akasema, "Anko Injinia, hapa kuna kitu chekundu kimeandikwa 115, ni ya nini?" Nikamwambia hiyo ni namba ya mashine, usiguse. Akaniuliza, "Mbona zote zina namba moja?" Nikamtuma maji.

Ufunguzi ukawekwa Jumamosi tarehe 17 mwezi wa tano. Jenereta tukaazima kwa Hajji mwenye kibanda cha video, naye akatoa sharti moja tu, saa moja jioni iwe imerudi kwa sababu Arsenal wanacheza fainali ya FA na Hull na watu wameshalipa. Tukamwambia Hajji, shughuli inaanza saa nane, wasiwasi wa nini. Ikaanza saa kumi na nusu. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akahutubia, mgeni wa wilayani akahutubia, aliyekuja kumshukuru mgeni akahutubia kuliko mgeni.

Mwishowe nikaitwa. Nilikuwa nimeunganisha mashine nne za mbele kwenye ekstensheni moja ili ziwake zote kwa pamoja, ndiyo mbwembwe yenyewe. Nikasema maneno mawili matatu ya Kiingereza, nikabonyeza.

PAA!

Wamama wakapiga vigelegele. Haki ya Mungu, walidhani ndivyo kompyuta inavyowaka. Mgeni akaanza kupiga makofi. Halafu ya pili, PAA, na ya tatu, na moshi mweupe wenye harufu ya samaki aliyeungua plastiki, na vigelegele vikageuka vilio. Kuna mzee mmoja alikuwa jeshini enzi za Amin, yule hakusubiri maelezo, alijitupa chini ya meza anapiga kelele "Lala chini! Lala chini wote!" kwa Kiswahili cha kambini, na watu wakalala, mgeni wa wilayani na suti yake akalala kwenye vumbi la simenti. Mbuzi aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya chakula cha wageni akakata kamba. Hatujamla mpaka leo.

Kumbe umeme wa Marekani ni kama volti 120 na wetu ni 240, na kile kiswichi ndicho cha kuiambia mashine uko nchi gani. Ukikiacha kwenye 115 ukaipa 240, vile vikopo vya kuhifadhi moto ndani ya pawa sapulai, kile kisanduku cha kupokea umeme, vinapasuka. Ya nne haikulia, ilikufa kimya, nafikiri kwa aibu.

Jumatatu tukaazima jenereta tena, na yule msichana akapita na ncha ya peni kwenye zile nane zilizobaki, tik, tik, tik, 230. Zikawaka zote. Mimi nilikuwa nimeambiwa nisimame nje.

Lakini hiyo Jumamosi bado haijaisha. Kwenye saa moja nikajificha kwenye giza kwa Hajji, benchi la nyuma kabisa. Dakika kumi hazijafika Hull wameshafunga mbili. Kibanda kizima kikanyamaza, halafu sauti moja ikasema, "Injinia yumo humu?" Wakageuka wote. Wallahi walitaka kunitoa, ikabidi Hajji aseme nimeshalipa.

Nikabaki hapo nimekunja mikono, siongei, sikohoi, mpaka Cazorla wa Arsenal akarudisha moja, Koscielny ya pili, mechi ikaenda dakika za nyongeza. Ramsey alipofunga ya tatu dakika ya 109, Hajji akaruka juu ya mabenchi akanikumbatia kwa nguvu zote. Halafu akaona ni mimi, akaniachia.