Fangasi wa tumbo: wapo, ila si kila gesi ni wao

Mtu wa Tabora mjini akilalamika kwamba tumbo linajaa gesi, mwili unachoka na ulimi una utando mweupe, hakosi wa kumwambia ana fangasi wa tumbo. Muuza virutubisho atampima kwa mashine ya kushika kifimbo cha chuma mkononi, kompyuta itatoa majibu ya kila kiungo kwa dakika chache, kisha dozi ya miezi mitatu itafuata. Akienda hospitali huenda akakutana na daktari anayecheka na kusema hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Wote wawili wana kipande cha ukweli, lakini vipande vyenyewe havilingani.

Wanaosema upo wana hoja. Kandida, fangasi wa jamii ya hamira, anaishi kwenye utumbo wa watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Asidi ya tumbo, bakteria wa kawaida, mwendo wa utumbo na kinga ya mwili ndivyo vinavyomzuia asizidi. Kimoja kikilegea anapata nafasi: antibayotiki za mara kwa mara, omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) inayomezwa miezi na miezi, kisukari kisichodhibitiwa, dawa za steroidi zinazoshusha kinga, VVU. Watafiti nchini Marekani walivuta majimaji ya utumbo mwembamba ya wagonjwa wenye gesi na kichefuchefu visivyoeleweka, wakakuta takribani robo yao wana fangasi zaidi ya koloni 1,000 (vikundi vinavyoota maabara) kwa mililita. Si jambo la kucheka. Ila hao walikuwa wagonjwa waliokwisha kupimwa mengine yote bila jibu, na kipimo chenyewe ni mrija unaopitishwa hadi utumbo mwembamba. Kifimbo cha chuma hakifiki huko.

Wanaopinga nao wana jaribio la mwaka 1990, pia la Marekani. Wanawake 42 walioambiwa kandida ndiye chanzo cha uchovu, huzuni na maumivu yao walipewa nistatini, dawa ya fangasi, kwa zamu na dawa bandia, bila kujua ipi ni ipi. Muwasho wa ukeni ulipungua zaidi kwa nistatini. Uchovu na huzuni vilipungua pia, lakini kwa dawa bandia vilipungua karibu vilevile.

Kipimo cha kutema mate asubuhi kwenye glasi ya maji nacho tukiweke kando. Mate yenye mapovu huelea, mazito huchuruzika kama nyuzi na kuzama, mtu awe na fangasi au asiwe nao.

Majibu ya choo yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu yanatoka maabara halali. Karatasi inaandika kwamba seli za hamira zimeonekana, pembeni alama mbili za kujumlisha, na mgonjwa anatoka na flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi. Hamira kwenye choo ni jambo la kawaida. Aliyekunywa togwa au pombe ya kienyeji jana anaweza kuitoa leo. Tena sampuli iliyotolewa nyumbani alfajiri ikakaa kwenye kopo mpaka saa tano kwenye joto la Oktoba, hamira inaendelea kuzaliana humohumo. Sampuli nzuri hufika kwa mpimaji ndani ya saa moja, na choo cha kuharisha ndani ya nusu saa, maana amiba hai hufa upesi.

Kwa hiyo mwenye gesi na tumbo la kuvurugika aanze na yaliyo mengi kwetu: minyoo, amiba, jiadia (kimelea cha utumbo; sampuli tatu za siku tofauti, kwa kuwa moja humkosa mara nyingi), bakteria wa vidonda vya tumbo, kichocho cha tumbo kwa aliyekuwa akioga au kuvua ziwani upande wa Kigoma, kisha kisukari na VVU. Ajaribu pia wiki mbili bila maziwa yasiyogandishwa, hata yaliyochemshwa, maana wengi wetu ukubwani hatuyameng'enyi vizuri.

Kuna hali moja ambayo haitaki mjadala: utando mweupe mdomoni pamoja na maumivu wakati wa kumeza. Hapo yaelekea kandida ameshuka kwenye umio (mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni), na VVU lazima ipimwe. Tiba ni flukonazoli, kwa kawaida miligramu 400 siku ya kwanza, halafu 200 kila siku kwa siku 14 hadi 21. Nafuu huonekana ndani ya wiki. Isipoonekana, ni kamera ya umio, hata kama ni safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Nistatini ya kumeza haiingii kwenye damu, kwa hiyo haitoshi hapa. Inafaa mdomoni: mililita 4 hadi 6 mara nne kwa siku kwa mtu mzima, aizungushe kinywani kabla ya kumeza.

Flukonazoli haipaswi kununuliwa kama pipi dukani. Mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamaidi (dawa ya kushusha sukari) akiongeza flukonazoli, glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka hadi azimie. Mtu huyohuyo akiwa ameambiwa aache ugali, viazi na matunda ili "kuwanyima fangasi chakula", hatari inakuwa maradufu. Mjamzito asiinywe bila daktari. Na baadhi ya jamii za kandida hazisikii dawa hii hata kidogo.

Kuhusu mlo, wauzaji wanasema sukari ndiyo inayowalisha fangasi. Jaribio la mwaka 1999 liliwapa watu wenye afya sukari nyingi, na kandida wao hawakubadilika sana, kwani sehemu kubwa ya sukari hunyonywa kabla ya kufika utumbo mpana. Sasa mbona wanaoacha vyakula vya sukari hupata nafuu? Kwa sababu wameacha pia maharage, vitunguu, ngano na maziwa, vinavyochachuka na kuleta gesi bila fangasi yeyote. Asali yetu ya Tabora inauzwa kama tiba ya fangasi, lakini ina fruktosi (aina ya sukari) nyingi, na kwa wengine ndiyo inayojaza gesi. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Dawa ya kusafisha tumbo ikikuharisha, utaambiwa sumu inatoka. Huko ni kuharisha tu: acha dawa, kunywa ORS. Anayepungua uzito, anayetoa choo chenye damu, mwenye homa za usiku au aliyeanza kuumwa hivi baada ya miaka 50 asimalize hata chupa moja ya kirutubisho. Afike kwanza hospitali. Na anayekunywa omeprazoli bila sababu ya msingi aombe kuipunguza polepole, maana akiikata ghafla kiungulia hurudi kwa nguvu kwa wiki kadhaa, naye atadhani fangasi wamerudi.