Duka la Elliott Bay: haki ya kuhama na haki ya kulalamika

Desemba 2009, Peter Aaron, mmiliki wa The Elliott Bay Book Company ya Seattle, Marekani, alitangaza kuwa duka lake linahama. Lilikuwa limekaa Pioneer Square, mtaa mkongwe kuliko yote mjini humo, tangu 1973. Lilikuwa linakwenda Capitol Hill, upande wa pili wa katikati ya jiji, umbali usiofika hata kilomita tatu. Kwa basi ni dakika chache. Lakini kwa jinsi watu walivyoipokea habari, ungedhani duka linavuka bahari.

Walikuwa na sababu. Walter Carr alilifungua kwenye jengo la zamani la matofali, kona ya First Avenue South na South Main Street, na kadiri miaka ilivyokwenda lilimeza chumba baada ya chumba. Rafu zake zilikuwa za mbao za mwerezi, sakafu ililia kila ulipokanyaga, na ukishuka ngazi ulikuta mkahawa chini ya ardhi. Kuanzia 1984 waandishi walikuwa wakija humo kusoma kazi zao mbele ya watu, bure, jioni baada ya jioni, chipukizi na wenye majina. Watoto waliopelekwa pale na wazazi wao walikuja kuwapeleka wa kwao. Ukilizoea duka kiasi hicho, unasahau kwamba ni mpangaji mwenye mkataba unaoisha.

Nianze na upande wa mwenye duka, kwa sababu wasomaji wengi hatuzijui hesabu zake.

Kitabu cha Marekani hutoka kwa mchapishaji kikiwa na bei yake jaladani. Duka hukichukua kwa punguzo la asilimia 40 hivi, pengine zaidi kidogo, na kwenye tofauti hiyo ndimo zinatoka mishahara, umeme, bima, usafirishaji na kodi ya pango. Kodi ikipanda, mwenye mgahawa huongeza bei ya chai. Wateja watanung'unika siku mbili, halafu watakunywa. Muuza vitabu ataongeza wapi? Akibandika bei ya juu juu ya ile iliyochapwa, mteja ataibandua palepale kaunta na kuuliza kulikoni. Kwa hiyo ana njia mbili tu: auze nakala nyingi zaidi, au apunguze gharama. Aliyewahi kupanga fremu Kariakoo, akalipia kodi ya miezi sita mbele kabla hajauza hata soksi, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Juu ya hapo, Seattle ndiyo nyumbani kwa Amazon, iliyoanzishwa eneo hilohilo mwaka 1994 kwa kuuza vitabu. Mteja angeweza kusimama mbele ya rafu ya Elliott Bay, akasoma kurasa kumi, akaridhika, akanakili jina la kitabu, kisha akakiagiza akiwa kwake kwa bei ya chini. Hajaiba kitu. Lakini duka limemlipia taa, joto na ushauri wa mfanyakazi, na hela imekwenda kwingine.

Mtaa nao ulikuwa umebadilika. Uwanja mpya wa besiboli ulifunguliwa jirani mwaka 1999, wa soka ya Kimarekani ukafuata 2002. Siku ya mechi maegesho hayapatikani, na shabiki aliyevaa jezi hapiti kununua riwaya. Februari 2001 mtaa ulipigwa mara mbili ndani ya saa ishirini na nne: usiku wa tarehe 27 sherehe za kanivali ya Mardi Gras ziligeuka fujo, na asubuhi iliyofuata tetemeko la ardhi la 6.8 likayatikisa majengo yake ya matofali. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa 2008. Aaron alisema wazi kuwa duka linapoteza pesa. Hapo, kumwambia abaki ni kumwambia aendelee kulilipia jiji zima starehe kutoka mfukoni mwake mpaka fedha zimwishie.

Watetezi wa uhamaji huishia hapa, na wengi huongeza kwa kebehi kidogo: wanaolia leo ni walewale walioacha kununua jana. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya habari.

Chukua mtu aliyefika kumsikiliza mwandishi Alhamisi jioni. Hakununua kitabu. Alitoka saa tatu, akaingia baa ya jirani na rafiki zake wawili, wakala, wakanywa. Chukua familia iliyokuja Jumamosi kwa ajili ya vitabu vya watoto, ikazunguka na kwenye majumba ya sanaa, ambayo mtaa ule unayo mengi. Chukua mwenye jengo la pili kutoka hapo, anayemwambia mpangaji mtarajiwa kuwa mtaa ni mzuri, hata Elliott Bay iko hapa. Wote hawa walipata kitu kutoka dukani, na hakuna hata senti iliyoingia kwenye daftari la duka. Duka la vitabu lililotulia mahali pake huleta watu, sifa na usalama wa jioni. Faida yote hiyo huangukia mifuko ya watu wengine, na anayeizalisha ndiye anayefungua mwezi na deni.

Hapo ndipo pande zote mbili zinapokuwa na haki kwa wakati mmoja. Aaron hakuwa na deni kwa mtaa, kwa sababu mtaa ulikuwa ukifaidika naye bila kumlipa. Na mtaa haukulia bure, kwa sababu kitu ulichokuwa unapoteza kilikuwa na thamani halisi, ila hakikuwa na mtu wa kukilipia. Kumwambia mkazi wa pale kwamba angenunua vitabu vingi zaidi ni kumtwisha mzigo wa baa, wa majumba ya sanaa, wa wenye majengo na wa halmashauri ya jiji iliyowatembeza wageni pale kwa miaka.

Halafu kuna wasioweza kulifuata duka. Pioneer Square ina makazi ya muda ya watu wasio na nyumba, na ina wazee wanaoishi kwenye vyumba vya bei nafuu. Kwa mtu wa namna hiyo, mahali penye joto, penye mwanga, ambapo unaweza kusimama na kitabu mkononi nusu saa bila kuulizwa unataka nini, si anasa. Capitol Hill ni jina sahihi: ni mlimani. Mwenye gari, au mwenye miguu ya miaka thelathini, atapanda. Kwenye mizani ya mauzo watu hawa hawana uzito wowote, na sidhani kuna mwenye duka angeweza kuwabeba peke yake. Ila ni vizuri wahesabiwe kabla hatujasema hakuna aliyepoteza.

Upande wa pili wa jiji, nao walikuwa na kilio chao. Bailey/Coy, duka la vitabu lililopendwa sana na watu wa Capitol Hill, lilifungwa mwishoni mwa 2009, wiki chache tu kabla ya tangazo la Aaron. Mtaa uliojaa wanafunzi, wasanii na watu wanaotembea kwa miguu usiku ukabaki bila duka kubwa la vitabu vipya. Kwa hiyo ukitumia neno hasara, utaje na mahali unaposimama unapolitumia.

Duka la zamani lilifunga milango tarehe 31 Machi 2010. Jipya likafunguliwa katikati ya Aprili, 10th Avenue, kwenye jengo la 1918 lililokuwa karakana ya malori ya Ford. Wahamaji walikuwa na busara ya aina yake. Hawakununua rafu mpya za chuma zinazong'aa. Walizifungua zile za mwerezi, wakazibeba, wakazifunga tena chini ya dari refu lenye boriti za mbao. Sakafu huku nayo ni ya mbao, nayo inalia. Mkahawa ulikuja, usomaji wa jioni ulikuja, wafanyakazi waliokuwa wakikupendekezea vitabu walikuja. Mkosoaji anaweza kusema hayo ni mapambo ya kumtuliza mteja. Mimi naona ni zaidi ya hapo: ni kukiri kwamba wateja walikuwa na dai fulani juu ya vitu vile, hata kama jina lao halipo kwenye hati yoyote.

Historia ya maduka ya aina hii, hata hivyo, haiwapi nguvu wanaoamini kuwa anwani ndiyo roho ya duka. Sylvia Beach alifungua duka la Shakespeare and Company mtaa wa rue Dupuytren, Paris, mwaka 1919, akahamia rue de l'Odéon 1921. Ulysses, riwaya ya James Joyce iliyolipa duka hilo heshima duniani, aliichapisha 1922, yaani baada ya kuhama. Leo ni wachache wanaoikumbuka anwani ya kwanza. Strand, duka la vitabu la New York, ilizaliwa 1927 Fourth Avenue, kwenye safu maarufu ya maduka ya vitabu vilivyotumika. Ikahamia Broadway miaka ya 1950, safu ile ikafa, yenyewe ipo mpaka leo.

Ila usiishie kwenye kuhama. Strand baadaye ililinunua jengo lake, katikati ya miaka ya 1990. City Lights, duka la vitabu la San Francisco, ililinunua la kwake 1999. Haya mawili ndiyo yananifanya nisite kila ninaposikia mtu akisema kuhama ndiyo suluhisho. Kuhama kunakununulia muda, mkataba mwingine wa miaka kadhaa, na nafasi ya kuujenga mtaa mwingine kwa faida ya mwenye jengo mwingine. Mwenye majengo mwerevu analijua hili vizuri. Humpa muuza vitabu masharti laini mwanzoni, kwa sababu duka la vitabu ni chambo: mgahawa utakuja, duka la nguo litakuja, vyumba vya juu vitapanda bei. Pike na Pine, barabara zinazopita karibu na Elliott Bay mpya, zilikuwa na karakana na maghala ya magari. Katika miaka iliyofuata zilijaa migahawa na majengo ya kupangisha, na wasanii waliozifanya zipendeze wakaanza kutafuta pa kwenda. Siwezi kulitwisha duka moja lawama ya yote hayo, wakati fedha za kampuni za teknolojia zilikuwa zikimiminika mjini. Lakini pia siwezi kusema halikuwa na mkono.

Je, lingebaki lingekuwaje? Hapa kila upande una karata zake. Mwaka 2013 mashine kubwa ya kuchimba handaki la barabara, waliyoipa jina Bertha, ilikwama ardhini karibu na Pioneer Square, na kazi ikasimama kwa takriban miaka miwili. Duka lililokuwa tayari linavuja damu halingestahimili uzio na vumbi vya muda mrefu hivyo. Kwa upande mwingine, kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser ilihamishia makao yake makuu Pioneer Square mwaka 2016, ikaja na wafanyakazi wake, ishara kwamba mtaa haukuwa maiti kama baadhi ya watu walivyopenda kusema. Capitol Hill, nayo ilipata kituo cha treni ya mjini Machi 2016, hatua chache kutoka dukani. Na ilipata majaribu yake: Juni 2020, katikati ya janga la korona, waandamanaji waliweka eneo lao huru bila polisi mita mia chache tu kutoka mlango wa duka. Anayedhani kuhama ni kukimbia misukosuko ya jiji, basi jiji hilo halijui.

Kuna tukio lingine la miaka hiyo ambalo nalifurahia, ingawa halithibitishi chochote. Novemba 2015 Amazon ilifungua duka la vitabu la matofali na rafu, hapohapo Seattle. Machi 2022 ikatangaza kuyafunga maduka yake yote ya aina hiyo. Elliott Bay ilikuwa bado inauza.

Mimi naegemea upande wa Aaron. Kati ya duka lililohama na duka lililofungwa, sioni mjadala mrefu, na aliuchagua uhamaji mapema, angali na uwezo wa kubeba rafu zake. Kasoro ninayoiona ni namna mjadala ulivyoendeshwa: watu wa mtaa dhidi ya mwenye duka, wateja waaminifu dhidi ya wasaliti, huku waliovuna zaidi kutokana na duka hilo kwa miaka thelathini na sita wakikaa pembeni bila kuulizwa swali hata moja. Walijua mkataba unaisha. Mtu ambaye jengo lake linapata sifa kwa sababu ya mpangaji wa jirani ana sababu ya kumchangia jirani huyo, na jiji linalotoza kodi kwenye thamani ya majengo hayo lina sababu kubwa zaidi.

Mwaka 2022 Aaron aliliuza duka. Miongoni mwa wanunuzi watatu, mmoja, Tracy Taylor, alikuwa meneja wake. Wengine wawili, Murf Hall na Joey Burgess, walikuwa tayari wana biashara Capitol Hill. Miaka kumi na miwili tu baada ya kufika kama mgeni, duka lilipata watu wa mtaa waliokuwa tayari kuweka fedha zao ndani yake. Pioneer Square, katika muda mrefu mara tatu ya huo, ililipenda sana, ila fedha za namna hiyo hazikujitokeza.