Mzazi ni Mbwa, Arobaini Naikaa Mimi

Kwanza mjue kwamba mbwa huyu sikumnunua. Nilikuwa nadai hela zangu. Kuna jamaa nilimkopesha shilingi 80,000 msimu wa korosho wa juzi, akaapa kwamba malipo ya mnada yakiingia benki tu, ya kwangu ndiyo ya kwanza kutoka. Malipo yakaingia, akatoka yeye. Nilipomnasa miezi mitatu baadaye, Nanyamba huku Mtwara, akanikabidhi kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa.

"Shika huyu kama stakabadhi," akasema. "Hela inafuata."

(Kwa mgeni: stakabadhi ni karatasi unayopewa ukipeleka korosho zako ghalani, hela inafuata baada ya mnada.) Hela haijafuata mpaka leo, na mbwa ndiyo akabaki na jina hilo hilo, Stakabadhi. Mke wangu humwita Staka, kwa sauti laini ambayo mimi mara ya mwisho kuisikia ilikuwa kabla sijamaliza mahari.

Mwezi wa sita nikaona Staka ananenepa. Nikajisifu barazani: mnaona, mbwa akilishwa na mtu mwenye moyo! Mke wangu akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Baba Zuhura, huyu ana mimba." Nikabisha. Mimi kubisha ndiyo starehe yangu, haina gharama.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai ubishi ukaisha wenyewe. Nilisikia vilio vyembamba stoo, nikajua panya, nikachukua rungu. Namulika kwa tochi ya simu: watoto sita, vipofu, wamelala juu ya magunia yangu mapya niliyoyatunza kwa ajili ya Oktoba, na Staka ananiangalia kama mtu aliyeingiliwa chumbani bila hodi.

Sasa stoo yenyewe ilikuwa imejaa salfa. Kwa msomaji ambaye korosho anazijua za kwenye pakiti: mkorosho unapochanua, ugonjwa wa ubwiriunga nao unayapenda hayo maua, kwa hiyo Juni na Julai sisi tunapuliza salfa. Lile vumbi la njano likikuingia jichoni unawakumbuka wote uliowahi kuwadhulumu. Mke wangu akasema wachanga hawawezi kulala na salfa. Nikasema sawa, tuwahamishe. Akasema mzazi hahamishwi, ihamishwe salfa. Basi saa tisa ya usiku, kusi inavuma, mtu mzima mwenye ndevu nimebeba mifuko ya salfa mmoja mmoja kuileta sebuleni kwangu. Staka akapata chumba cha peke yake. Mimi nilipiga chafya mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikamwita bwana mifugo. Huku kwetu Naliendele mkorosho una kituo kizima cha utafiti na wataalamu waliousomea. Mbwa ana bwana mifugo mmoja mwenye pikipiki moja, na siku hiyo kwa bahati ilikuwa na mafuta. Akachungulia, akauliza alipandwa lini. Nikasema mimi sikualikwa. Akacheka, akasema mimba ya mbwa ni kama siku 63, nihesabu kurudi nyuma. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, kidole kikaangukia Mei Mosi. Sikukuu ya wafanyakazi! Nchi nzima imepumzika, kumbe kuna mtu alikuwa kazini.

Na huyo mtu namjua. Mei Mosi usiku, jirani yangu fundi pikipiki alipita hapa na tochi akimtafuta mbwa wake, Komando, amekata kamba. Komando ana sikio moja lililolala na ncha nyeupe ya mkia. Hesabu ncha nyeupe stoo kwangu: nne kati ya sita. Nikamfuata fundi kwa adabu zote, nikamwambia jirani, hawa ni wajukuu zako, nisaidie hata dagaa. Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye injini: "Komando ametulia siku hizi." Nikaenda kwa mjumbe. Mjumbe akasema matunzo ya mtoto anayoyajua yeye ni ya watu, halafu akaniomba nimbakishie dume mmoja.

Turudi kwa bwana mifugo, maana yale maneno yake ndiyo yaliyonimaliza. Alisema watoto wa mbwa huzaliwa hawaoni wala hawasikii. Macho yanafumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio yanafuata. Wanyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, siku ile ile ya kwanza, maana humo ndimo kinga ya mama imo. Hawawezi kujipasha joto wenyewe. Baridi inawaua upesi kuliko njaa. Halafu akasema jambo ambalo nilimwomba alirudie.

"Hata kukojoa hawawezi. Mama ndiye anawalamba tumboni, ndipo mkojo na choo vitoke."

"Na mama akichoka?"

"Unachukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, unafuta pale chini taratibu mpaka kitoke."

Wote waliokuwepo wakanigeukia mimi. Mke wangu, Zuhura, hata muuza samaki aliyesimama tu kupumzisha baiskeli yake. Sijui kwa nini watu hugeukia upande wangu.

Kwa hiyo joto ikawa zamu yangu. Unachemsha maji, unatia kwenye chupa, unaizungushia khanga isiwaunguze, unaiweka upande mmoja ili mwenye kusikia joto limezidi ajisogeze. Mke wangu alitoa khanga yake kuukuu iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU. Nimeyasoma maneno hayo saa nane za usiku, siku kumi mfululizo, nimechuchumaa na birika mkononi. Mimi siyo hasidi. Lakini kama ningekuwa, sababu ningekuwa nayo.

Watano walikuwa wanono. Wa sita alikuwa mdogo kama kiatu cha mtoto, kila akishika chuchu anasukumwa. Zuhura akampa jina Kangomba, kwa kuwa kipimo chake hakikuwa halali. (Wageni: kangomba ni wale wanaokununulia korosho zako kwa bakuli, usiku, kabla ya msimu, wakati una shida. Bakuli lao lina kina kama kisima.) Kumpima kama anaongezeka nikashindwa, maana mizani ya hapa nyumbani ni ya magunia, unamweka Kangomba, mshale wala haushtuki.

Nikamwonea huruma. Huruma ndiyo iliyoniponza. Nikamlaza chali mkononi kama mtoto wa mtu, nikamdondoshea maziwa ya ng'ombe yaliyobaki kwenye chai. Kufika jioni anaharisha. Bwana mifugo akaja mara ya pili, mafuta ya pikipiki juu yangu, akanikaripia kama mwanafunzi. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa mbwa: sukari yake ni nyingi, mafuta na protini havimtoshi, na tumbo lake haliyawezi. Na kumlaza chali ndiko kabisa, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Mtoto wa mbwa hunyonya amelalia tumbo.

"Mshike mwenyewe kwenye chuchu za nyuma," akasema. "Zile ndizo zenye maziwa mengi. Watoe wakubwa kwanza, anyonye, uwarudishe. Kila baada ya saa mbili tatu."

Kila baada ya saa mbili tatu! Piga hesabu na mimi. Sisi ni Waislamu. Ukipata mate ya mbwa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kangomba ale mara nane kwa siku, Staka anilambe mikono kila mara kwa shukrani, hayo ni maosho 56. Ndoo ya maji naiteka mwenyewe. Wiki ya pili mikono yangu ilikuwa imepauka kama ya mpika maandazi, na bustani ya mchicha imebaki na shimo pale ninapochota udongo.

Sasa chakula. Mbwa anayenyonyesha, nimeambiwa, akifika wiki ya tatu na ya nne anakula mara mbili, hata mara tatu ya kawaida yake, kwa mafungu matatu au manne kwa siku, na maji yasikauke bakulini. Ugali wa muhogo peke yake haumtoshi, anataka dagaa, mayai, vichwa vya samaki vilivyochambuliwa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vikali kama sindano. Na kitunguu ni sumu kwa mbwa, kinamharibia damu. Hapo mke wangu, ambaye hajawahi kupika hata maji bila kitunguu, akaamua nyumba iwe na sufuria mbili: kubwa yetu, ndogo ya Staka.

Siku moja nikarudi shamba usiku, nimepuliza salfa kutwa, njaa inanisemesha. Watu wamelala. Nikafunua sufuria kubwa: mbaazi, zimekaa chini kabisa zinaoneana haya. Nikafunua ndogo: dagaa wa kujaa, yai, mchuzi mzito. Nikasema leo mke wangu kanikumbuka. Nikala nikakwangua. Asubuhi nikamshukuru mbele ya Zuhura, nikasema chakula cha jana ni kitamu kuliko vyote mwaka huu, kasoro kitunguu tu.

Kimya. Halafu Zuhura akatoka nje anakimbia, namsikia anacheka mpaka kwa jirani.

"Baba Zuhura," mke wangu akasema polepole, "kwa hiyo mzazi kalala njaa?"

Hakuna aliyeuliza kama mimi nilishiba. Tangu siku hiyo sufuria ndogo inafunikwa kwa jiwe.

Lakini yote hayo ni cha mtoto mbele ya ujio wa mama mkwe. Mke wangu alimpigia simu Tandahimba, na simu zetu mnazijua: unasema maneno kumi yanafika manne. Yeye alisema, "Mama, silali, hapa nyumbani tuna mzazi, mbwa wetu, watoto sita." Kilichofika ni "silali," "mzazi" na "watoto."

Kesho yake gari likasimama barabarani. Akashuka mama mkwe na kuku kafungwa miguu, pilipili manga kwenye kifundo cha khanga, doti mpya ya khanga, na nyuma yake abiria wanachungulia madirishani na kupiga vigelegele, maana alikuwa amewahadithia safari nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nkwe wangu. Unanificha mimba mimi? Ntoto yuko wapi?"

Nikatafuta maneno. Sikuyapata. Nikanyoosha kidole stoo. Akatangulia kwa haraka, "Mzazi mnamlaza stoo!", akafungua mlango.

Nilihesabu moyoni mpaka ishirini. Akarudi. Akakaa kwenye mkeka, akaomba maji, akanywa yote.

"Sita," akasema.

"Sita, mama."

"Wote wananyonya?"

"Wote, mama. Huyo mdogo namshika mimi."

Akatazama mikono yangu iliyopauka. Nilitegemea nitukanwe, nilikuwa tayari, hata nilishajiandaa kukubali. Akasema, "Mimi nimezaa saba, mmoja mmoja, na kila mmoja nilidhani ananimaliza. Huyu kawapata usiku mmoja. Nchinje kuku."

Basi kuku wa uzazi akachinjwa. Nyama tukala sisi, na supu, kabla haijatiwa kitunguu, ikachujwa mifupa ikaenda kwa Staka. Mimi nilipata shingo. Mama mkwe hakumgusa mbwa hata mara moja, dini yake anaijua, lakini alikaa siku tisa akiamuru kutoka mlangoni: sogeza chupa, badilisha gunia limelowa, huyo mdogo hajanyonya, nkwe, amka. Usiku ananigongea kwa fimbo ya mwiko. Alipoondoka alimuaga Staka kwanza.

Yeye ndiye aliyenitia hofu ya kutetemeka pia. Bwana mifugo alitaja kwamba mbwa mwenye watoto wengi anaweza kuishiwa madini ya chokaa mwilini, akaanza kuhema, kukakamaa na kutetemeka. Hapo usisubiri asubuhi, watoe watoto umwite mara moja. Mama mkwe akaniwekea ulinzi. Usiku mmoja wa wiki ya tatu namwona Staka miguu inatikisika. Nikakimbia na msuli mkononi mpaka kwa bwana mifugo, tukaja tumepakizana. Kufika, Staka kaamka, anapiga miayo. Alikuwa anaota. Anamfukuza paka wa watu ndotoni, mimi nalipa mafuta.

Macho yalifumbuka siku ya 12. Dawa ya minyoo nikanunua wiki ya pili, na baada ya wiki mbili tena, na mama yao pia, kwa sababu minyoo hupita hadi kwenye maziwa. Wiki ya nne wakaanza kulamba uji na dagaa waliosagwa, na kwa vile hawana adabu walikuwa wanaingia na miguu yote minne. Sasa wana wiki saba. Kandambili zangu zimebaki moja, ya kulia.

Na jana, nani aliingia uani? Fundi pikipiki. Kavaa shati safi. Anatabasamu.

"Jirani, naona damu yangu inakua vizuri."

Damu yake! Siku 49 hajaleta hata kichwa cha dagaa. Anamtaka Kangomba, ambaye siku hizi ndiye mnene kuliko wote na ndiye mwenye sikio lililolala. Nikamwambia bei, 20,000. Akalalamika, akanyamaza, akatoa. Lakini mtoto hatoki kabla ya wiki nane, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, mwanzoni mwa Oktoba, ni juu yake. Akataka maandishi. Nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari la Zuhura: pesa imepokelewa, mzigo uko ghalani, utatolewa kwa mwenye stakabadhi hii.

Akaiweka mfuko wa shati, akainama kumuaga mzigo wake. Kangomba akaivuta karatasi kwa jino, taratibu, akakaa chini akaitafuna mpaka sahihi yangu.

Fundi akanitazama. Nami nikamwambia vile vile tunavyoambiwa sisi kila msimu: bila karatasi, mzigo hautoki.

Kaenda kwa mjumbe.