Mzazi anayesita mbele ya mkondo wa amali ana hoja

Kwenye mkutano wa wazazi wa kidato cha kwanza, mwalimu aliyekuwa akiunadi mkondo wa amali, yaani sekondari yenye mafunzo ya ufundi, alimgeukia mama mmoja aliyekaa jirani yangu. "Mama, kijana wako ana mikono." Mama akajibu palepale alipokaa: "Mikono anayo tangu nimzae, mwalimu. Hapa nimemleta kwa ajili ya kichwa." Tukacheka. Mwalimu akasema wazazi bado tuna kasumba, na mkutano ukaendelea.

Hilo neno kasumba ndilo linaloniudhi. Limekuwa jibu la kila mzazi anayesita, tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, igawe sekondari katika mkondo wa jumla na wa amali, na vidato vya kwanza vya amali vianze Januari 2024.

Hoja ya serikali ina uzito. Wanaomaliza kidato cha nne ni wengi, wanaoendelea na cha tano ni wachache. Aliyebaki anarudi nyumbani na cheti chenye alama za Historia na Baiolojia, na soketi ikiungua anaitwa fundi. Mwenzake wa amali anatarajiwa kutoka na masomo ya msingi pamoja na fani. Nani atakataa hilo?

Ila yule mama hakuzaliwa jana. Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule zichanganye masomo na kazi za mikono, ilitangazwa mwaka 1967, na mabaki yake kwenye shule nyingi yalikuwa jembe la adhabu: umechelewa namba, nenda kalime. Miaka ya 70 ikaja michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Mwaka 1985 Benki ya Dunia ikachapisha utafiti uliowafuatilia wahitimu wa michepuo Tanzania na Colombia. Kwa hapa kwetu, mchepuo haukuonekana kumpa mhitimu nafuu ya maana kwenye ajira wala kipato, ilhali kumsomesha kuligharimu zaidi. Mwaka huohuo Kenya walianzisha 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, wenye masomo ya vitendo. Wazazi wakachangishwa karakana, na baadaye masomo hayohayo yakapunguzwa.

Gharama ndiyo iliyonikaa kichwani. Chukua fani moja tu, uchomeleaji. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kinateketea kwa dakika moja hivi. Mwanafunzi mgeni kinamnatia kwenye chuma, anakivuta, kinanata tena. Akifanikiwa, mshono unatoka na mabonge na matundu. Sasa tufanye darasa lina watoto 40, kila mmoja achome vijiti vitano kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki. Hivyo ni vijiti 400 kwa wiki. Kwa wiki 30 za mafunzo ni 12,000, na sijagusa vyuma, umeme, glovu wala vioo vya kujikinga macho. Baada ya hapo kila mtoto amechoma vijiti 300, yaani dakika 300. Saa tano za moto kwa mwaka mzima! Kijana anayeshinda kwa fundi mageti anazifikisha haraka sana, tena akiwa analipwa hela ya chakula.

Mashine ya kuchomelea hununuliwa mara moja, ikapigwa picha na mgeni rasmi. Vijiti vinanunuliwa kila wiki, na hakuna anayekuja kukata utepe wa pakiti ya vijiti.

Kwa hiyo mzazi anayesema "asome kwanza, ufundi ataukuta mtaani" anapiga hesabu zake sawasawa. Mtaa unafundisha ufundi. Hesabu na kuandika haufundishi. Fundi wa mageti mtaani kwetu ana mshono msafi kuliko wengi, lakini kila anapotakiwa kuandika makadirio ya kazi ya taasisi humwita mpwa wake wa kidato cha tatu aje na kalamu. Amepoteza kazi mbili ninazozijua kwa sababu siku hiyo mpwa alikuwa bweni.

Upande wa pili una jambo moja ambalo sijalipatia jibu: mabinti. Gereji si mahali pa kumpeleka binti wa miaka 15 akakae na mafundi kutwa nzima, na wazazi hawampeleki. Kwake yeye karakana ya shule, hata yenye saa tano za moto, huenda ndiyo mlango pekee. Na mtaa nao una ubaya wake: macho yanaharibika, na cheti hakuna.

Kundi la 2024 litafika kidato cha nne mwaka 2027, ndipo tutakapopata cha kupima. Mimi mwanangu ningempeleka amali, ila nikishaiona stoo.

Baada ya mkutano tulitembezwa karakana. Mashine zilikuwa tatu, moja bado ndani ya nailoni. Yule mama alizunguka mara moja, akauliza, "Mwalimu, mwezi uliopita mmechoma pakiti ngapi?" Mwalimu akamtuma mwanafunzi amwite mtunza stoo. Tulisubiri kama robo saa, kisha wazazi wa mbali wakaanza kuaga.