Jina baya la dawa nzuri: damu ya mgongo uliopinda

Mzazi ambaye mwanawe amelazwa Dar es Salaam akisubiri kunyooshwa mgongo uliopinda pembeni huambiwa mambo mawili kabla ya siku ya upasuaji. La kwanza, atafute ndugu wa kuchangia damu. Hilo analielewa papo hapo. Jioni hiyohiyo simu zinapigwa Mbagala, Gongo la Mboto, hadi Kibaha kwa mjomba. La pili, mtoto atapewa dawa ya kugandisha damu. Hapo anashtuka. Anamjua jirani aliyepooza upande mmoja kwa sababu damu iliganda kichwani. Leo mtoto wake ndiye anagandishwa kwa makusudi?

Hofu hiyo ina akili ndani yake. Kosa ni la sisi tuliolipa dawa jina hilo. Asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke na kutangazwa mwaka 1962, haigandishi chochote. Mwili wenyewe ndio unaogandisha damu penye jeraha kwa kusuka nyuzi za faibrini, na mwili huohuo, muda si mrefu, huanza kuzimeng'enya nyuzi zake. Dawa inazuia huo umeng'enyaji. Kilichokwisha kuziba kinabaki kimeziba kwa saa kadhaa zaidi, basi.

Saa hizo kadhaa ndizo kiini cha jambo. Upasuaji wa mgongo uliopinda hupasua ngozi kwa urefu, hubandua misuli kutoka kwenye pingili nyingi, kisha mfupa hukwanguliwa ubaki mbichi ili pingili ziungane. Mfupa mbichi hauna mshipa mmoja wa kufunga kwa uzi. Unavuja kama sifongo, na hauachi kuvuja kwa sababu ngozi imeshonwa. Ndiyo maana mgonjwa anarudi wodini na mrija wa kutolea damu, na muuguzi anaandika kila mara umejaa kiasi gani. Damu ikikosa njia ya kutoka inaweza kujikusanya na kuukandamiza uti wa mgongo. Hilo ni la nadra, lakini linaweza kumwacha mtoto asiweze kutembea.

Wanaosema faida ya dawa hii imekuzwa wana hoja, na hupenda kuegemea utafiti mmoja wa Boston, Marekani, wa mwaka 2005. Watoto 44. Waliopewa dawa walipoteza wastani wa mililita 1,230 wakati wa upasuaji. Waliopewa maji ya chumvi yasiyo na dawa, 2,085. Upungufu wa asilimia 41. Ila kiasi cha damu walichoongezewa hakikutofautiana kwa namna ya kuthibitika kitakwimu. Basi, wanauliza, mmeokoa nini?

Swali hilo nimelirudia mara nyingi, na kila mara narudi kwenye mililita 855. Chupa moja ya damu ni kama mililita 450, kwa hiyo tunazungumzia karibu chupa mbili. Mtoto wa kilo 40 ana damu ya takriban lita 2.8 mwili mzima. Mililita 855 ni karibu theluthi yake. Kumwambia mama yake kwamba theluthi ya damu si kitu kwa kuwa hesabu za chupa hazikutofautiana, mimi siwezi. Kuongezewa damu ni uamuzi wa daktari, na uamuzi huo unategemea mazoea yake na kilichomo kwenye friji. Friji ikiwa imejaa, chupa hutundikwa mapema. Kwetu sivyo. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba inashuka. Friji hiyohiyo inasubiriwa na mama anayevuja damu leba, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Kipimo kilichofaa Boston kinapima nusu tu ya mambo huku.

Upande wa pili, hata hivyo, una jambo zito kuliko hilo la chupa. Tafiti za mgongo ni ndogo mno kuweza kuonyesha madhara ya nadra. Utafiti mkubwa wa HALT-IT wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 12,009 waliovuja damu tumboni, uliendeleza dawa kwa saa 24 na haukupunguza vifo vya kuvuja damu. Damu kuganda kwenye mishipa ya vena ilitokea kwa asilimia 0.8 ya waliopewa dawa, na 0.4 ya wasiopewa. Hao walikuwa watu wazima, wengi wana maradhi mengine, hivyo siwalinganishi na binti wa miaka 14. Lakini ule muda wa saa 24 unanizuia kuunga mkono dripu iendelee wodini kwa siku nzima au zaidi. Ipewe kabla ya kisu, iendelee wakati wa upasuaji, na ikibidi saa chache baada yake. Zaidi ya hapo ushahidi unapungua na hatari inabaki. Na mrija ukizidi kujaa, utafutwe mshipa unaovuja na mtoto apashwe joto. Dawa isifanywe pazia.

Kuna pia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Damu yao tayari ina tabia ya kuziba mishipa. Wenye figo dhaifu dozi yao hupunguzwa, kwa sababu dawa hutolewa na figo, na dozi kubwa imewahi kuleta degedege. Halafu lipo kosa ambalo Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo lake Machi 2022: vichupa vya dawa hii hufanana na vya ganzi ya mgongoni, na kuna wagonjwa waliochomwa dawa hii kwenye uti wa mgongo kimakosa. Karibu nusu yao walikufa. Hii inatibiwa kwa kabati tofauti na lebo inayosomeka, si kwa kuacha kuitumia.

Kwa hiyo majibu ya selimundu na figo yawe kwenye faili kabla mzazi hajasaini kibali. Na anapoelezwa, aambiwe kwamba mwanawe atapewa dawa ya kuzuia kidonda kilichoziba kisifunguke mapema.