Ukijani wa kwenye tenki utapikia ugali? Mi nasema bado

Sisi wa Nkuhungu maji yakitoka tunajaza kila kitu, ndoo, madumu, tenki, mana hujui yatarudi lini, na kwa jua hili la Dodoma ukisahau kufunika tenki wiki mbili tu unakuta kuta zimeshika ukijani unateleza kama bamia. Juzi nasugua huku nalalamika nikakumbuka kwamba ndugu za huo ukijani, yani mwani mdogo usiouona bila hadubini, wanasayansi wanauhangaikia miaka zaidi ya 80 sasa wapate haidrojeni, gesi ambayo ukiichoma unapata mvuke wa maji, masizi hakuna.

Hans Gaffron, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndo aligundua kuwa mwani ukikosa oksijeni unaweza kuachia haidrojeni, mwaka 1942 yeye na mwenzake Rubin wakaliandika. Sasa kasheshe iko hapa: mwani ukipata mwanga unapasua maji na kutoa oksijeni, halafu kile kimeng'enya, yani protini inayofanya kazi ya kutengeneza haidrojeni, oksijeni hiyohiyo ndo sumu yake. Mpishi anazimia kwa moshi wa jiko lake mwenyewe! Mwaka 2000 mtafiti Melis na wenzake kule California wakaja na ujanja wa kuunyima salfa, kirutubisho chake kimoja, bila salfa mwani hauwezi kukarabati mtambo wake wa kupasua maji, oksijeni inapungua, hiyo kidogo inayobaki unaivuta wenyewe kwa kupumua, na kwa kuwa chombo kimefungwa haidrojeni inaanza kutoka, siku kadhaa hivi. Ila hiyo ni njaa bana, unaishi kwa akiba, ikiisha lazima uulishe tena ndo uanze upya.

Kijiweni kuna jamaa anasema sisi jua tunalo, tuchimbe mabwawa ya mwani Bahi huko, jirani na Dodoma, tumalize. Bwawa wazi gesi inapaa yote. Unataka vyombo vilivyofungwa tena vinavyopitisha mwanga, na chupa ya hivyo ukiianika hapa mwezi wa kumi na moja saa saba mchana ni oveni, wakati mwani wenyewe unaotumika kwenye majaribio unapenda nyuzi 25 hivi, kwa hiyo utaupoza kwa maji, haya, maji gani? Na ukishaipata, kilo moja ya haidrojeni ina nguvu karibu mara tatu ya kilo ya petroli, safi, ila bila kuigandamiza inajaza matenki zaidi ya kumi ya lita 1,000. Kilo moja tu.

Mi siupingi utafiti, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo, na majitaka ya mabwawa ya Swaswa yana virutubisho ambavyo mwani unavila bure bila kugusa maji yetu ya kunywa, vijana waachiwe wacheze nayo hata miaka kumi. Ninachokataa ni kumwambia mama anayenunua mkaa wa kopo kila siku kwamba asubiri haidrojeni. Mwani huohuo ukiuvuna ukauchanganya na kinyesi cha ng'ombe kwenye mtambo wa biogesi unapata gesi ya kupikia kwa teknolojia ambayo mafundi wetu tayari wanaijua, na Wagogo ng'ombe tunao, hilo halina ubishi.

Tenki langu nimeshaliosha, mfuniko nimeufunga na kamba ya katani. Leo siku ya nne maji hayajatoka.