Mlango wa kura ukifungwa, tusiwalaumu vijana peke yao

Tangu Oktoba 2025 ukoo wetu umegawanyika. Kwenye grupu la WhatsApp la familia, baba mdogo aliyeko Isevya, Tabora, anaandika kwamba vijana walioingia barabarani siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania wamelichafua jina la nchi. Mpwa wangu, dereva wa bodaboda mjini hapohapo, anamjibu kwamba amani anayoisema babu ni ya kufunga mdomo. Wakishachoka kujibizana wananigeukia mimi: wewe uko Ulaya, hebu sema, wenzetu huko wanafanyaje?

Niko Belfast, Ireland ya Kaskazini, nahudumia wazee majumbani mwao. Labda ningekuwa mji mwingine wa Ulaya ningekuwa na jibu jepesi la kuwapa. Hapa watu walijaribu njia zote mbili, ya amani na ya nguvu, na alama za zote mbili bado ziko mitaani.

Kuna geti ninalopita nikitoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Mchana liko wazi. Jioni linafungwa, na ukichelewa unazunguka mbali. Upande mmoja kingo za barabara zimepakwa nyekundu, nyeupe na bluu, rangi za bendera ya Uingereza. Upande wa pili zinapepea bendera za Jamhuri ya Ireland. Katikati ni ukuta wa zege, juu yake mabati, juu yake tena wavu, ili mtu asiweze kurusha chupa ya petroli ikavuka. Kuta hizi zilianza kuwekwa mwaka 1969. Mkataba wa amani ulisainiwa Aprili 1998. Serikali ya hapa iliahidi kuziondoa zote ifikapo 2023, na bado zipo. Mzee mmoja ninayemhudumia upande wa Shankill, mtaa wa Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza, ana umri wa miaka zaidi ya themanini, na ameniambia hajawahi kunywa chai ndani ya nyumba ya mtu wa upande wa Falls, mtaa wa Wakatoliki wanaotaka kuungana na Ireland. Kwa miguu ni dakika chache tu.

Mtu aliyekulia Tabora hawezi kulielewa hilo kirahisi. Kwetu nyumba moja ya kupanga ina Mnyamwezi, Muha, Msukuma na Mmanyema, na kwenye ukoo mmoja una shangazi anayeenda msikitini na mjomba mzee wa kanisa. Harusi ni moja, msiba ni mmoja. Huo ni utajiri mkubwa na baba mdogo ana haki ya kuulilia. Anapokosea ni pale anapodhani utajiri huo unalindwa kwa watu kunyamaza.

Hapa vita havikuanza na bunduki. Miaka ya 1960 raia Wakatoliki walidai mambo ya kawaida kabisa: nyumba, kazi, na kura moja kwa kila mtu. Katika uchaguzi wa halmashauri, kura ilitegemea kumiliki au kupanga nyumba, na mitaa ya Derry ilikatwa kwa ujanja hivi kwamba wengi walipiga kura na wachache wakatawala. Tarehe 5 Oktoba 1968 waliandamana Derry wakiwa wamepigwa marufuku, na polisi wakawashukia kwa virungu. Tarehe 30 Januari 1972, mji huohuo, wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji wasio na silaha. 13 walikufa siku ile. Serikali ikaunda tume, na tume ikawasafisha askari. Vijana waliokuwa wakishika mabango wakapanga foleni kujiunga na IRA, kundi la siri lenye silaha lililotaka kuing'oa Uingereza hapa. Mwaka ule peke yake watu karibu 500 waliuawa. Ukweli wa siku ile ulikuja kukubaliwa rasmi mwaka 2010, baada ya tume ya pili, Waziri Mkuu David Cameron alipoomba radhi bungeni. Miaka 38, baba mdogo. Akina mama wengi walizikwa bila kuusikia.

Na mpwa wangu naye asikie upande wake. Nguvu haikuleta walichokitaka. Desemba 1973, pale Sunningdale, Uingereza, wanasiasa wa pande zote mbili walikubaliana kugawana madaraka. Mpango ule ukavunjwa Mei 1974 na mgomo wa wafanyakazi wa upande wa Waprotestanti, na IRA nayo ilikuwa imeukataa. Kilichosainiwa 1998 kinafanana nao mno. Kati ya karatasi hizo mbili kuna miaka 24 ya mabomu, kwenye vita ambavyo kwa jumla viliua watu zaidi ya 3,500, wengi wao raia waliokuwa wakienda kazini au sokoni. Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia ya hapa ni John Hume, mwalimu wa Derry aliyeanza kwa kusaidia kujenga chama cha kuweka na kukopa, kama SACCOS zetu. Alikataa bunduki tangu mwanzo. Lakini alikubali pia kuzungumza na Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, chama cha siasa kilichokuwa karibu na IRA, wakati magazeti na hata watu wa chama chake mwenyewe cha siasa walimtukana kwa hilo. Hume aliujua ukaidi wa pande zote mbili, na hakuwataka watu wake wakae nyumbani wakisubiri kuhurumiwa.

Sisi Tabora hatuhitaji kufundishwa haya na Wazungu. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini kwetu. Wakoloni walikuwa wameleta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, na kura yenyewe apewe mwenye elimu, kipato au wadhifa uliowekwa. Yalikuwa matusi kwa nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waafrika. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, na uamuzi ule tunauita mpaka leo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. TANU ikashinda, na Desemba 1961 bendera ikapandishwa bila vita.

Tunausimulia uamuzi ule kama hadithi ya hekima ya Nyerere tu. Ilikuwepo, nakubali. Lakini busara ile ilizaa matunda kwa sababu mlango, hata ukiwa mwembamba na wa kudhalilisha, ulikuwa wazi kweli: wagombea wa TANU waliingia kwenye kinyang'anyiro, kura zikahesabiwa, na waliozihesabu wakayakubali matokeo yaliyowaumiza. Oktoba 2025 Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, CHADEMA ilikuwa nje ya uchaguzi, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Intaneti ikazimwa. Watu wakapigwa risasi. Ungemwambia nini mjumbe wa 1958 ili aache kususia, kama pasingekuwa na pa kuingia?

Tulipotaka kufungua mlango, tuliweza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta Watanzania takriban 80 kati ya kila 100 wanataka chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza vyama vingi, kwa ajili ya wale 20. Zanzibar, baada ya damu ya Januari 2001, walikaa, wakapiga kura ya maoni mwaka 2010 kukubali serikali ya umoja, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hapakuwa na ukuta uliojengwa kati ya Unguja na Pemba. Na huko kwetu magharibi tunajua inakuwaje nyumba ya jirani ikiungua: makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu yalijaa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wajukuu wao tumesoma nao.

Kwa hiyo mpwa wangu, mawe na moto usiviguse, hata wakikuchokoza. Ukitaka kudai, dai kwa jina lako na uso wako, pamoja na wengi, na usimwache bibi yako wa Isevya aogope kupita barabarani. Na wewe baba mdogo, shikamoo, una kadi ya chama tangu kabla sijazaliwa. Ukisimama kwenye kikao cha tawi hakuna wa kukuita mchochezi. Simama uulize tume iliyoundwa kuhusu mauaji ya Oktoba ituambie majina ya waliokufa na nani alitoa amri. Uliza katiba mpya imefika wapi. Uliza kwa nini kijana wa kijiweni pako aliyepoteza ndugu anaongea kwa kunong'ona. Kisha uandike kwenye grupu walichokujibu, tukisome sote, na mpwa wangu akiwemo.